Mdomo Nyuma ya Glavu

Jumanne, 10 Januari 1995

Nguo nyeupe kwanza, za rangi baadaye. Savio alikuwa chini tayari, kwenye korido ya saruji nje ya chumba cha kufulia, anatupa mpira ukutani na kuudaka unaporudi. Nilipita na kapu mara mbili, kwenda na kurudi. Mara zote mbili alinipisha bila kunitazama, kama mtu anavyoupisha mlango unaojifunga wenyewe.

Msimamizi wa jengo amelalamika tena. Savio kamwambia ataacha. Haachi.

Ana miaka thelathini na mbili. Anaendesha basi la jiji. Kabla ya hapo alikuwa shotistopu, yule mchezaji wa besiboli anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali inapopita mipira mikali kuliko yote. Ilikuwa kazi yake ya mshahara. Nimeolewa naye miaka mitatu na sijamwona akiifanya hata siku moja. Mimi nilimpata baada ya goti. Wengine walimpata kabla.

Hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kumwambia mtu. Ndiyo maana naandika. Kiswahili anakisema, lakini aliondoka Dar ana miaka tisa na kusoma kwake kulibaki hukohuko. Ukurasa mmoja unamchukua nusu saa. Atachoka kabla hajafika kwenye ubaya wangu.

Jumamosi, 14 Januari

Pickering, kwa mama yake. Theluji ya kunata barabarani. Wali, sorpotel ya nguruwe iliyolala kwenye siki siku tatu, kisha chai. Baada ya chai, albamu. Kila mara baada ya chai, albamu.

Mama ni Mgoa wa Dar, na Kiswahili chake ni cha Upanga ya zamani, chepesi na chenye chumvi. Ananipenda. Nami nampenda. Lakini akifungua ile albamu natamani kwenda kukaa kwenye gari.

Naijua kwa moyo. Mtoto mwembamba aliyefika Toronto mwaka wa sabini na mbili, akasimama wiki nzima pembeni ya uwanja wa bustani akitazama wenzake wanacheza kitu asichokijua, na siku ya nane akaingia. Kijana wa miaka kumi na minane anayetia sahihi mezani kwa mama yake, na sanamu ya Moyo Mtakatifu ukutani nyuma yake. Miaka sita ya mabasi katika miji midogo ya Marekani, ambayo Mama huitaja taratibu kama anasali litania. Halafu Septemba moja, ligi kuu. Msimu mmoja na kipande. Halafu goti.

Na Leroy. Leroy yuko katika kila picha. Alikuwa akilinda kituo cha pili, jirani ya Savio uwanjani. Chumba kimoja miaka sita, kiti kimoja ndani ya basi, dawa moja ya meno. Waliitwa ligi kuu wiki ileile. Leo ni fundi wa mapaa Buffalo, ana mke na watoto watatu, na bado anampigia Mama simu kila Krismasi.

Mama alinionyesha kitu ambacho sikukijua. Mkimbiaji wa upande mwingine akitaka kuiba kituo cha pili, yaani kukikimbilia ghafla kabla mpira haujapigwa, mmoja kati ya hawa wawili lazima akimbie kukilinda, na mwingine abaki mahali pake. Hawawezi kupiga kelele, wangesikika. Kwa hiyo shotistopu huinua glavu mbele ya uso, kama mtu anayejikuna pua, ili jirani yake peke yake auone mdomo. Mdomo ukiwa wazi: nenda wewe. Ukiwa umefumbwa: niachie mimi.

Mama alifanya kwa kitambaa cha meza. Akacheka. "Hawa wawili, Justa mwanangu, mdomo ulikuwa kazi yake kula tu. Mengine yote walijua."

Ndani ya gari nilimuuliza Savio mbona hajawahi kuniambia. Akasema ni mambo ya kazi.

Jumapili, 15 Januari

Nimejaribu mbele ya kioo cha bafuni. Wazi. Umefumbwa. Naonekana samaki.

Jumapili, 22 Januari

Leroy amepiga simu. Saa nzima. Savio alivuta waya mpaka chumbani na mlango ukabaki wazi upana wa waya. Nilisikia kicheko. Nakijua kicheko chake cha nyumbani na kicheko chake cha kazini. Hiki sikijui.

Habari yenyewe: wachezaji wa ligi kuu wamegoma tangu Agosti, na wenye timu wamechoka kungoja. Wanataka kufungua msimu kwa watu wengine. Wanatafuta yeyote aliyewahi kucheza, waliostaafu, walioachwa, ili wavae jezi za waliogoma. Leroy amekubaliwa na timu moja inayofanya mazoezi Florida. Amemwambia mtu wa timu kwamba anaye shotistopu wake.

Wake.

Savio alitoka chumbani na uso wa mtu aliyeoshwa. Akala wali uliopoa bila kuupasha. Akasema goti haliumi tena siku hizi, nimeliona? Nikasema sijaliona.

Jumanne, 24 Januari

Tumegombana. Kwa sauti ya chini, kuta hizi ni karatasi.

Nilimwambia kwamba yeye mwenyewe ana kadi ya chama cha madereva. Kwamba mwaka ule wa mgomo wa mabasi alisimama kwenye baridi na bango shingoni. Kwamba kuvaa jezi ya mtu aliyegoma kuna jina lake, na wenzake wa depo watamwita jina hilo mpaka atakapostaafu. Nilisema vizuri. Nilisema kama ninayetoa mhadhara.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Najua, Justa. Nimeyafikiria yote hayo. Bado nataka kusimama pale mara moja. Nijue kama niliisha au nilikatwa."

Ukweli niuandike hapa, kwa kuwa sikuuandika popote pengine. Mgomo haunihusu. Niliuchukua kama mtu anavyochukua koti la mwenzake kwenye ndoana kwa sababu nje kuna baridi. Sitaki aende kwa sababu huko anakokwenda kuna Savio mwingine, na Leroy ndiye mwenye ufunguo wake.

Jumamosi, 28 Januari

Leroy alikuja. Saa mbili za barabara kutoka Buffalo, na keki aliyooka mkewe. Mrefu kuliko picha zake. Mvi kidogo. Alipomwona Savio mlangoni alimzunguka kama mnunuzi wa ng'ombe, akasema lile basi lazima linaegemea upande wa dereva. Savio akamjibu kwamba yeye mapaa yote ya Buffalo yanavuja kwa sababu moja tu, uzito wa fundi. Walikuwa wamefurahi kiasi cha kuchukiza.

Nilitaka awe mtu mbaya. Aliosha vyombo. Aliniuliza kuhusu Bukoba na akasubiri jibu. Aliniuliza kazi ya maktaba ni nini hasa, nikamweleza kuorodhesha vitabu, akasema basi mimi ndiye ninayejua kila kitu kilipo. Sikupata pa kumchukia. Ilinibidi nimchukie bure.

Mchana tulikwenda ukumbi wa michezo wa shule ambao rafiki wa Savio ana ufunguo wake. Savio alikuwa ameishusha glavu yake kutoka juu ya kabati, ikiwa ndani ya foronya yake. Mwaka wa kwanza wa ndoa niliitoa nikaingiza mkono. Sikujua. Ngozi ya glavu hufuata mkono mmoja, na mkono wa mtu mwingine unaiharibu umbo. Hakunigombeza. Siku mbili alikuwa akiikunja na kuikunjua. Leo Leroy aliichukua mezani bila kuuliza, akainusa, akaipigapiga ngumi mara moja, akamrudishia. Mkono hakuingiza. Alijua.

Niliketi kwenye benchi la mbao na koti langu. Leroy alimpigia mipira chini chini, sakafuni, kulia kwake, kushoto kwake.

Sijui niandikeje. Miaka mitatu nimeishi na mtu anayeinuka kitini kwa mikono miwili. Yule wa leo hakuwa yeye. Mpira ulikuwa haujagonga sakafu mara ya pili naye yuko pale, ameinama, mkono umeshafunguka, na kabla sijajua ameudaka ulikuwa umeshaondoka. Hapakuwa na haraka yoyote. Kama anachukua kitu chake mwenyewe kwenye rafu yake mwenyewe.

Halafu walisimama pamoja, Savio mahali pake na Leroy mahali pake, wakajifanya kuna mkimbiaji. Savio akainua glavu mbele ya uso. Kutoka nilipokuwa sikuuona mdomo. Leroy aliuona. Akakimbia.

Wakafanya hivyo mara nyingi. Kila mara niliona ngozi tu.

Nililia chooni. Nikanawa. Nikasema keki ilikuwa nzuri.

Alhamisi, 2 Februari

Nimeazima kanda ya video kwa Mama. Nilisema nataka kumwelewa mume wangu. Akanibusu.

Nimeitazama Savio akiwa zamu. Mchezo wake wa mwisho. Mpira unakwenda kwa Leroy. Savio anakimbilia kituo cha pili ampokee, na mkimbiaji anakuja kwa kasi. Leroy anaudaka mpira. Anaushika. Anaushika tena. Kisha anaurusha. Savio anaungoja mguu mmoja ukiwa kituoni, amenyooka, hana pa kwenda, na yule mkimbiaji anateleza moja kwa moja gotini.

Nimerudisha kanda mara kumi na zaidi. Leroy alichelewa. Mtu yeyote anaona. Alichelewa pumzi moja, na pumzi hiyo ndiyo goti.

Jioni nilimuuliza Savio, kama kwa bahati. Akasema yule mkimbiaji alikuwa na mbio sana. Nikasema Leroy je? Akasema Leroy alifanya alichoweza. Akafungua gazeti.

Amemsamehe goti zima. Mimi nikichoma wali ananikumbusha wiki mbili.

Jumatano, 8 Februari

Jumatano mimi huingia kazini saa saba mchana. Saa nne asubuhi simu ililia.

Mtu wa timu. Sauti ya Marekani ya kusini, ya heshima, ananiita mama mwenye nyumba. Anataka Savio afike Florida wiki ijayo. Wanamtumia tiketi. Lakini lazima apige simu yeye mwenyewe kukubali, kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Baada ya hapo nafasi ni ya mwingine, anaye kijana wa akiba. Akanitajia namba. Nikaiandika. Akairudia. Nikasema nimeipata, asante, nitamwambia.

Karatasi ni ya maktaba, ile midogo ya njano. Nimeikunja mara mbili. Nimeiweka hapa, ukurasa huu.

Nitamwambia akirudi.

Jumatano, usiku huohuo

Sikumwambia.

Alhamisi, 9 Februari

Aliniuliza. Amevua viatu, anaondoa theluji kwenye kisigino kwa kidole. "Hakuna aliyepiga simu?"

Nikasema hakuna.

Neno moja. Lilitoka kwa urahisi kiasi kwamba nilidhani limesemwa na mtu mwingine jikoni.

Ijumaa, 10 Februari

Kazini niliorodhesha vitabu vya jiografia. Saa tisa na nusu nikaenda kwenye simu ya ukumbini. Nikapiga depo, nikakata kabla hawajapokea. Saa kumi kasorobo nikapiga tena. Wakasema yuko njiani, basi lake litafika baada ya nusu saa. Wakauliza kama kuna ujumbe. Nikasema hapana.

Saa kumi. Niliitazama saa ya ukutani ikipita. Nilitegemea kuogopa. Nilihisi ahueni, kama mtu aliyefunga dirisha. Hiyo ndiyo inayonitisha sasa.

Jumapili, 12 Februari

Nilikwenda Misa peke yangu, Savio alisema ana mafua. Niliporudi alikuwa ameketi kwenye kochi bila televisheni. Glavu iko ndani ya foronya, foronya imefungwa fundo. Alikuwa ameosha vyombo vyote, hata sufuria nilizoziloweka.

Akasema, kwa Kiswahili, "Basi hawakupiga. Wameona goti."

Kiswahili chake kina miaka tisa. Akikisema anasikika mtoto. Nilikaa karibu naye nikashika mkono wake, na mkono wake ukakubali kushikwa. Nilijiona mke mwema kwa dakika tano nzima.

Jumapili, 19 Februari

Ukimya chini. Wiki nzima hajashuka koridoni. Msimamizi wa jengo alinishukuru kwenye lifti. Akasema naona bwana amekua.

Ningeweza kumzaba kofi.

Jumatano, 1 Machi. Majivu

Majivu paji la uso, na mstari wa kuungama mpaka mlangoni. Nilisimama nyuma ya mama mmoja wa Burundi aliyebeba mtoto usingizini. Tulisogea. Tukasogea. Nilikuwa na sentensi yangu tayari: Baba, nimemwibia mume wangu. Alipoingia yule mama, nikatoka mstarini nikaenda kituo cha basi.

Si kwa kuogopa padri. Najua atakachosema. Atasema niende nikamwambie.

Jumamosi, 11 Machi

Savio ni mpole mno. Hilo ndilo la kuandika. Ananipokea kapu mlangoni. Jana alinichemshia chai kabla sijaomba. Hagombani juu ya lolote. Nilichoma wali kwa makusudi, nione. Akaukwangua, akala.

Anaongea na Leroy kila Jumapili. Leroy yuko Florida, yuko kwenye jua, ana jezi. Shotistopu wake sasa ni kijana wa miaka ishirini na mbili ambaye, anasema Savio, anaufuata mpira kama anayekimbiza kuku. Savio anamwelekeza Leroy kwa simu amsaidieje. Ananisimulia haya mezani bila uchungu. Nimeutafuta uchungu usoni kwake, nimeupekua kila kona. Nilifikiri nikimwondoa huko atakuwa wangu. Amekuwa mgeni mwenye adabu.

Na bado nina wivu. Nimemnyima safari na bado nina wivu na simu.

Jumapili, 2 Aprili

Redio, saa ya chakula cha jioni. Mgomo umekwisha. Wachezaji wenyewe wanarudi. Wote waliookotwa wanarudishwa makwao, msimu haujafunguliwa hata kwa mchezo mmoja wa kweli.

Savio aliweka kijiko. Akazima redio. Akasema maskini Leroy.

Niliona mlango. Ningeweza kusema sasa hivi: unaona, hukukosa kitu. Ningeweza hata kukiri na ingekuwa nafuu, kwa sababu imetokea kuwa nilimkinga. Nilimkingia jina baya la depo, nilimkingia safari ya bure, aibu ya kurudi na begi. Niliupanga utetezi wote kichwani, ukapendeza.

Lakini hakutaka kucheza msimu. Alitaka kusimama pale mara moja ajue. Alisema hivyo kwa kinywa chake. Wiki sita za mazoezi zingetosha kumwambia. Hizo ndizo nilizochukua.

Nilikula.

Jumapili, 16 Aprili. Pasaka

Pickering. Naandika nyumbani, jioni.

Tulikuwa watatu mezani. Mama alikaa upande wa jikoni, Savio mbele yangu. Nyama, wali, bebinka, keki ya Kigoa aliyoipika tabaka kwa tabaka siku nzima ya jana. Mama alianza habari ya Leroy. Kwamba ameshapanda mapaa tena. Kwamba masikini hakupata hata mchezo mmoja, na baadhi ya wenzake wa zamani hawamsalimii, wanamwita mwizi wa kazi.

Kisha akasema, "Mungu ana njia zake. Afadhali hawakukupigia, Savio. Naona mtu wa timu alikusahau tu, maana Leroy aliniapia kwamba jina lako alilitoa."

Savio alikuwa anakata nyama.

"Lakini ni ajabu," Mama akaendelea. "Leroy anasema yule bwana hasahau. Anasema alipiga, Jumatano asubuhi. Justa mwanangu, wewe Jumatano si unakuwa nyumbani asubuhi?"

Aliuliza bila hila yoyote. Ndivyo alivyo. Alikuwa anamimina mchuzi.

Wiki tisa. Niliiona ile karatasi ya njano ndani ya daftari, ndani ya droo, kana kwamba iko mezani katikati ya vyombo. Nikaamua. Nilifungua mdomo kusema, Mama, alipiga, mimi nilipokea. Nikainua macho kwa Savio, ili iwe yeye ninayemwambia.

Alikuwa ananitazama. Ameinua mkono wa kushoto kando ya uso, upande wa Mama, kiganja kuelekea kwake, kama mtu anayejikuna pua. Upande wa Mama alionekana hivyo. Upande wangu niliuona mdomo.

Ulikuwa umefumbwa.

Kisha akashusha mkono. Akasema, "Simu yetu ilikuwa mbovu wiki ile, Mama. Hita ya chini iliunguza waya. Jengo zima."

Mama akasema majengo ya Toronto haya, afadhali Upanga. Akaniongezea mchuzi.

Nilikula. Sijui nilikula nini.

Njiani maghorofa ya Crescent Town, kwetu, yakaanza kuonekana. Nikamuuliza tangu lini anajua. Akasema tangu Jumapili ile ya mafua. Leroy alimpigia nikiwa Misani. Yule bwana alikuwa amemwambia Leroy kwamba amezungumza na mke, mke mstaarabu sana, kaandika namba. Nafasi ilikuwa imeshakwenda.

Nikasema, "Kwa nini hukuniambia?"

Aliegesha gari. Akazima. Mvua nyembamba kwenye kioo, na yeye hakutoka.

"Leroy naye alichelewa kurusha," akasema. "Hata yeye sijamwambia."

Jumatatu, 17 Aprili

Sikwenda kazini. Sikuwa mgonjwa.

Nilitaka miezi yote hii niwekwe daraja moja na Leroy. Nimewekwa. Yeye kwa goti, mimi kwa karatasi. Hakuna mlango mwingine wa kuingilia huko, naona. Sikulijua hilo nilipokuwa nabisha hodi.

Nilimpa ile karatasi asubuhi, kabla ya zamu. Aliifungua, akaisoma namba, akaikunja palepale ilipokunjwa. Hakuitupa. Hakusema imekwisha. Aliuliza kama nilikuwa nimempigia depo Ijumaa ile, maana mtu wa ofisi alimwambia kuna mwanamke alipiga hakuacha jina. Nikasema ndiyo. Saa ngapi? Nikasema saa kumi kasorobo. Akatikisa kichwa taratibu, kama anayepima umbali.

Aliporudi saa tisa alibadilisha nguo akashuka na mpira. Nilingoja mdundo wa ukuta. Haukuja. Nikashuka na kapu la nguo.

Alikuwa amesimama koridoni na mpira mkononi, bila glavu. Akanionyesha kidole pa kusimama, kushoto kwake, hatua chache tu, karibu na mlango wa chumba cha kufulia. Niliweka kapu chini. Akanirushia polepole, chini chini. Wa kwanza ulipita katikati ya miguu yangu ukaenda kugonga mashine za kufulia. Niliufuata. Wa pili pia. Wa tatu niliuzuia kwa kifua. Hakucheka wala hakunielekeza. Alingoja tu kila mara niurudishe.

Wa mwisho niliudaka kwa kiganja kitupu. Kikapiga kama kofi.

Nguo za rangi nilizoziacha mashineni zilikuwa zimekauka. Tulizikunja.

Kiganja cha kushoto kinawaka bado. Naandika kwa cha kulia.